Benki imesawiana, mauzo yamezidi: kisa cha hundi zilizohesabiwa mara mbili

Vitabu vya robo ya kwanza ya mwaka vilipofungwa, biashara hii ilionyesha faida ya 6,997,500. Furaha ya mwenye biashara haikumaliza siku. Alifungua akaunti ya benki akakuta salio limeshuka kwa 402,500 tangu Januari mosi. Hakuwa amenunua mtambo wala kulipa deni la zamani, na mshahara wake mwenyewe umo ndani ya gharama. Faida ya karibu milioni saba, halafu benki imepungua! Akamwita mtunza hesabu, naye akajibu kwa kujiamini kabisa: "Bosi, benki imesawiana mpaka senti ya mwisho. Angalia mwenyewe."

Na kweli ilikuwa imesawiana. Salio la benki kwenye leja, yaani kitabu kikuu cha hesabu, na salio la taarifa ya benki yalikuwa sawasawa kwa miezi yote mitatu. Watu wengi wakishaona hivyo hufunga faili. Katika kisa hiki usawa huo ndio uliowachelewesha wote kugundua kwamba mauzo yalikuwa yameandikwa zaidi ya milioni tano kuliko yalivyokuwa.

Biashara yenyewe ni ndogo, ya huduma, inauza kwa mkopo kwa ofisi na taasisi. Kazi ikiisha hutolewa ankara, na mteja hulipa baada ya wiki kadhaa. Baadhi yao hulipa moja kwa moja benki, wengi bado wanaandika hundi. Mtunza hesabu ni mmoja, naye ndiye anayepokea hundi, anayezipeleka benki na anayeandika vitabu. Januari walihamia kwenye programu ya hesabu iliyounganishwa na benki, ile ambayo kila muamala wa benki huingia wenyewe kwenye foleni ukisubiri uambiwe ni wa nini. Tarakimu za hapa nimezirahisisha na sarafu nimeiacha, kwa kuwa hesabu ni ileile kwa sarafu yoyote.

Kwanza tuone hundi inavyopaswa kupita vitabuni. Kila ingizo lina pande mbili, debiti na krediti: debiti huongeza akaunti za mali kama Benki na Wadaiwa (wateja ambao hawajalipa) na krediti huzipunguza, ila Mauzo huongezeka kwa krediti. Ankara ikitolewa, Wadaiwa wanadebitiwa na Mauzo yanakreditiwa. Hapo mauzo yamekwisha kuandikwa, na hayaandikwi tena. Hundi ikipokelewa, mteja anapunguziwa deni: Wadaiwa wanakreditiwa, na upande wa pili unadebitiwa akaunti ya kati inayoshikilia hundi mpaka zifike benki. Programu nyingi zina akaunti hiyo tayari, kwa jina linalomaanisha fedha ambazo bado hazijawekwa benki. Hawa waliipa jina la Hundi Mkononi. Hundi ikipelekwa benki, Hundi Mkononi inakreditiwa na Benki inadebitiwa. Basi. Akaunti ya kati inajaa na kutoka, na ukiitazama jioni ya siku yoyote salio lake linatakiwa kulingana na karatasi zilizomo kwenye droo.

Mwisho wa Machi salio la Hundi Mkononi lilikuwa 6,150,000. Kwenye droo kulikuwa na hundi za 800,000 tu.

Mtu akiona pengo la namna hiyo wazo la kwanza ni wizi, na si wazo baya. Akaunti ya hundi zisizopelekwa ni mahali pazuri pa kuficha pesa: mteja anaonekana amelipa kwa hiyo hadaiwi na halalamiki, na benki haina habari. Aliyepokea, aliyepeleka na aliyeandika akiwa mtu mmoja, swali hilo lazima lijibiwe kabla ya kugusa ingizo lolote. Tulipanga makundi matatu ya karatasi mezani: vishina vya kitabu cha stakabadhi, nakala za slipu za benki (fomu zinazojazwa hundi zinapowekwa), na taarifa ya benki. Kila hundi iliyokatiwa stakabadhi ilitafutwa kwenye slipu kwa namba yake. Nasema namba, kwa sababu kiasi pekee hakitoshi: mtu anayetumia hundi ya mteja wa leo kuziba pengo la mteja wa jana anaweza kukupa viasi vinavyolingana bila shida. Kisha kila slipu ikatafutwa kwenye taarifa ya benki. Hundi zote zikaonekana. Za 5,350,000 zilikuwa zimefika benki, za 800,000 zilikuwa droo. Hakuna kilichopotea.

Basi kama 5,350,000 zilifika benki, kwa nini hazikutoka kwenye Hundi Mkononi?

Jibu lilikuwa kwenye slipu moja ya Januari. Siku hiyo mtunza hesabu alipeleka hundi tatu kwa pamoja: ya 520,000, ya 370,000 na ya 240,000, wateja watatu, ankara tatu. Benki ilipozipokea iliandika mstari mmoja tu kwenye taarifa: 1,130,000. Mstari huo ukaingia kwenye foleni ya programu. Mtunza hesabu akatafuta ankara ya 1,130,000. Haikuwepo, na isingeweza kuwepo. Programu ikamuuliza fedha hizi ni za nini. Fedha zimeingia, wanaolipa ni wateja, kazi imefanyika: akachagua Mauzo. Programu nayo ikajifunza. Kuanzia hapo kila slipu ilipoingia ilimpendekezea Mauzo, naye akawa anabonyeza kukubali. Hata slipu zenye hundi moja, ambazo kiasi chake kililingana na ankara kabisa, zilikwenda njia hiyohiyo.

Kila hundi iliyofika benki, basi, iliingia kwenye Mauzo mara mbili, mara ya kwanza kwa ankara na ya pili kwa slipu. Ankara za robo hiyo zilikuwa 9,400,000. Slipu za 5,350,000 zikaongezwa juu yake, na Mauzo yakasoma 14,750,000. Hundi Mkononi ikabaki imejaa, kwa sababu hakuna ingizo lolote lililoitoa.

Sasa turudi kwenye ule usawa wa benki. Ingizo la mtunza hesabu lilidebiti Benki kwa kiasi sahihi na kwa tarehe sahihi. Kosa lilikuwa upande wa krediti, nao uko kwenye akaunti nyingine kabisa. Usuluhisho wa benki unalinganisha akaunti moja ya leja na karatasi moja ya nje. Unaweza kukuambia kwamba fedha ziliingia na lini. Zimetoka wapi, hilo hauulizi. Tena kwa programu inayovuta miamala yenyewe kutoka benki, usawa unapatikana karibu bure: ukikubali kila mstari wa foleni, hata ukiupeleka kwenye akaunti isiyohusika, benki itasawiana. Urari, ile orodha ya masalio yote inayopima kama jumla ya debiti na ya krediti ni sawa, nao hausaidii, maana kila ingizo lilikuwa na debiti na krediti zinazolingana. Kwa maoni yangu akaunti ya kati inastahili usuluhisho wake kila mwezi, kwa uzito uleule wa benki: salio la leja upande huu, orodha ya hundi zilizo droo upande ule. Ingefanyika Januari 31, kisa hiki kisingekuwepo.

Katikati ya uchunguzi likatokea jambo la pili, ambalo kwangu lilikuwa la hatari zaidi ingawa kiasi chake ni kidogo. Hundi ya 450,000 ilipelekwa benki Februari, ikaingia kwenye akaunti, na siku chache baadaye ikarudi kwa sababu mtoaji hakuwa na salio la kutosha. Benki ikaondoa 450,000 zake na ikakata ada ya 2,500. Mtunza hesabu aliona mistari miwili ya kutoka, yote yenye maelezo ya kibenki, akaiandika yote miwili Gharama za Benki: 452,500.

Fikiria matokeo yake. Ankara ya mteja yule imefungwa tangu siku hundi ilipopokelewa, kwa hiyo kwenye orodha ya wadaiwa hayumo. Hakuna atakayempigia simu. Hasara imefichwa ndani ya gharama za benki, mahali ambapo watu huangalia mara moja kwa mwaka na kuguna tu. Mauzo yaliyorudiwa yangegunduliwa siku moja, hata kama ni na ofisi ya kodi. Deni hili lingeweza kufa kimya kimya, na mteja angeendelea kupewa huduma kwa mkopo kama mlipaji mzuri.

Hundi ikirudi, deni linafufuka. Kisheria pia, katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa Uingereza, hundi huhesabiwa kuwa malipo yenye sharti: isipolipwa, mdai anarudi kwenye dai lake la awali kana kwamba hundi haikutolewa. Kitabuni maana yake ni kudebiti Wadaiwa, jina la mteja yuleyule, na kukrediti Benki, kwa tarehe ya kurudi kwake. Wengine hufuta stakabadhi ya kwanza ili ankara ifunguke tena. Inavutia kwa wepesi wake, lakini siipendi. Benki inaonyesha fedha ziliingia siku moja na zikatoka siku nyingine. Ukifuta ingizo la kwanza, siku hizo mbili hazina tena mwenzake kwenye leja, na kama mwezi ulishafungwa utakuwa umebadilisha taarifa uliyokwisha kuitoa. Zaidi ya hapo unapoteza kumbukumbu kwamba mteja huyu aliwahi kutoa hundi iliyorudi, na hiyo ni habari utakayoihitaji siku atakapoomba muda zaidi wa kulipa.

Zile za 800,000 zilizokuwa droo zilikuwa hundi mbili. Moja ya 620,000 iliandikwa tarehe 15 Aprili, yaani ni hundi ya tarehe ya mbele, aliyoitoa mteja Machi kama ahadi. Mtunza hesabu alimkatia stakabadhi na kumfutia deni. Hapo alikosea pia, ingawa si yeye peke yake anayefanya hivyo. Hundi ambayo haiwezi kupelekwa benki leo haijalipa kitu leo. Inaandikwa kwenye rejesta, inafungiwa mahali salama, na mteja anabaki mdaiwa mpaka tarehe ifike. Anaweza kupewa barua ya kukiri kupokea hundi, lakini si stakabadhi ya malipo.

Ya pili, ya 180,000, ilikuwa imebanwa kwa pini nyuma ya nakala ya ankara yake. Tarehe yake ilikuwa Januari 9. Hakuna aliyeificha, ilipokelewa, ikaambatanishwa ili isipotee, na ankara ikaingia kwenye faili la zilizolipwa. Bahati yake bado ilikuwa hai. Benki nyingi hukataa hundi iliyopita miezi 6 tangu tarehe iliyoandikwa, na hata kabla ya hapo kila wiki inayopita ni wiki ambayo mteja anaweza kufunga akaunti au kuishiwa. Ilipelekwa siku ileile.

Marekebisho yenyewe yalikuwa maingizo matatu. Tuliyaandika kwa tarehe ya Machi 31, kwa kuwa robo ilikuwa haijapelekwa popote:

Debiti Mauzo 5,350,000. Krediti Hundi Mkononi 5,350,000. Kuondoa mauzo yaliyoandikwa mara ya pili.

Debiti Wadaiwa 450,000. Krediti Gharama za Benki 450,000. Kumrudisha mteja ambaye hundi yake haikulipwa.

Debiti Wadaiwa 620,000. Krediti Hundi Mkononi 620,000. Kurejesha deni la hundi ya tarehe ya mbele.

Baada ya hapo Hundi Mkononi ikabaki na 180,000, ambayo ni ile hundi moja iliyokuwa nyuma ya ankara. Wadaiwa wakapanda kutoka 2,450,000 hadi 3,520,000. Benki haikuguswa kwa ingizo hata moja, ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mauzo yakarudi 9,400,000, gharama za benki zikabaki 2,500, na kwa kuwa gharama nyingine zilikuwa 7,300,000, faida ya kweli ikawa 2,097,500. Ile ya kwanza ilikuwa zaidi ya mara tatu ya hii. Popote penye kodi inayokokotolewa kutoka kwenye mauzo au faida, tofauti hiyo ingelipiwa kwa pesa taslimu ambazo hazikuwepo.

Mwenye biashara hakuridhika mpaka swali lake la kwanza lijibiwe: mbona benki imeshuka? Nadhani alikuwa na haki, maana hata 2,097,500 si hasara. Hesabu ni hii. Mwanzo wa Januari wateja walikuwa wanadaiwa 1,200,000, sasa wanadaiwa 3,520,000. Yaani 2,320,000 za ziada zimo mikononi mwao. Ongeza 180,000 za hundi iliyokuwa bado ofisini, unapata 2,500,000. Toa kiasi hicho kwenye faida ya 2,097,500 na jibu ni upungufu wa 402,500, uleule aliouona kwenye simu yake. Faida ilikuwepo, ila wateja walikuwa bado hawajailipa. Na kwa vitabu vya awali asingeweza kuliona hilo, kwa sababu zaidi ya milioni moja ya wadaiwa ilikuwa imefutwa kimakosa.

Kuna aliyeuliza kama si rahisi kuachana na akaunti ya kati na kuandika hundi moja kwa moja benki. Inawezekana, kwa biashara inayopokea hundi moja moja na kuipeleka siku hiyohiyo peke yake kwenye slipu. Hapo stakabadhi inadebiti Benki, na mstari wa benki unaoanishwa nayo. Lakini hundi zikishaanza kukusanywa na kupelekwa kwa mkupuo, utabaki na stakabadhi tatu upande mmoja na mstari mmoja upande wa pili, na ndiko tulikotoka. Kuna pia wanaoandika mapato pale tu fedha zinapopokelewa, bila kuhesabu ankara kuwa mapato. Kwao kuandika slipu kama mauzo si kosa, mradi stakabadhi haijaandika mauzo hayohayo. Tatizo la biashara hii lilikuwa kuchanganya njia mbili kwenye vitabu vimoja.

Utaratibu mpya haukuhitaji programu nyingine. Ile kanuni ya kupeleka slipu kwenye Mauzo ilifutwa. Sasa slipu inatengenezwa kwanza ndani ya programu, kwa kuchagua hundi zilizomo kwenye Hundi Mkononi, ndipo inaandikwa ile ya benki. Mstari wa 1,130,000 ukija unakuta mwenzake wa 1,130,000 ukiusubiri. Hundi inagongwa muhuri nyuma, iwekwe kwenye akaunti ya biashara tu, dakika ileile inapopokelewa. Rejesta ina tarehe ya kupokea, jina la mteja, benki, namba ya hundi, tarehe iliyoandikwa juu yake, kiasi, ankara inayolipwa na namba ya slipu. Stakabadhi hubeba tarehe ya kupokea, hata kama hundi imeandikwa juzi na itapelekwa kesho. Mteja akiandika hundi pungufu, kiasi kilichopokelewa ndicho kinachoandikwa na salio linaachwa wazi kwenye ankara mpaka sababu yake ijulikane. Kuibadilisha ankara ili ilingane na hundi ni marufuku.

Kutenganisha kazi katika ofisi ya watu wachache ni ngumu, lakini kidogo kinawezekana: mwenye biashara ndiye anayefungua barua na kuandika rejesta, mtunza hesabu ndiye anayeandika leja. Mwisho wa mwezi wanakaa na droo wazi na salio la Hundi Mkononi mbele yao. Kazi ya dakika chache.

Kwa wanaopeleka hundi benki kwa picha ya simu kuna jambo moja la kuongeza. Karatasi inabaki mkononi baada ya fedha kuingia, na mtu mwingine anaweza kuiokota mezani akaipeleka tena dirishani. Iandikwe "imewekwa" na tarehe, kisha itunzwe kwa muda ambao benki imeuelekeza kabla ya kuchanwa.

Mteja wa 450,000 alipopigiwa simu hakubisha. Alidhani suala lilikwisha kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Alitaka kuleta hundi nyingine, akaombwa alipe moja kwa moja benki. Malipo hayo yalikatiwa stakabadhi mpya yenye tarehe yake, na ile ya Februari ikaachwa ilivyo pamoja na ingizo la kurudi kwake. Ada ya 2,500 alitolewa ankara ndogo ya peke yake, iliyokreditiwa kwenye Gharama za Benki ili isije ikaonekana kama mauzo.